Alipanda Bila Kutumwa

4 Septemba

Mwanangu injinia,

Marahaba yako nakupa mapema, maana najua umeshaniamkia moyoni hata kama barua yako bado iko njiani. Huku tu wazima. Mguu wa shangazi yako umeacha kuvimba, sasa kinachovimba ni mdomo, anagombana na kila anayepita barazani. Mdogo wako amepata kazi kwenye duka la mapazia. Wiki moja tu, keshaanza kuniambia kwamba rangi za nyumba yangu hazisikilizani.

Barafu inauzika vizuri. Joto limekuja na haraka zake mwaka huu, na friji langu halijanitupa. Wenzangu wawili hapa mtaani mafriji yao yamekufa, mmoja kalibana lake ukutani kama anaficha kitu. Nikamwambia, dada, friji nalo linapumua, ukilibana pua unategemea nini? Mimi langu nimelisogeza mbele hatua moja, na saa za jua kali naweka kitambaa kibichi kwenye ule wavu mweusi wa nyuma. Unaujua ujanja wangu. Sikufundishwa na mtu.

Sasa sikia. Yule mwalimu mstaafu, anayenunua barafu moja na kukaa saa mbili, juzi kaniuliza mbele ya watu: "Huyo binti yako hasa anafanya kazi gani?" Nikamjibu bila kumeza mate. Nikasema, nyuma ya kila friji kuna wavu wa mabomba, joto lililotolewa ndani linatokea pale. Wavu ukiwa mdogo, friji linahangaika mpaka linakufa. Binti yangu ndiye anayepima wavu uwe mkubwa kiasi gani, ila friji lake ni kubwa kuliko shule uliyofundisha. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kidogo.

Niandikie vizuri nione kama nimepatia. Na usinipigie simu kwa jambo hili. Simu inameza maneno, barua naiweka kwenye droo ya pesa za chenji na mteja akitaka kujua nampa asome.

Mama yako asiyekuchoka.


29 Septemba

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea getini nikiwa nimesimama, mlinzi akaniuliza nacheka nini. Mimi mzima, chumba changu ni kile kile, dirisha linatazama geti na matangi. Mwambie mdogo wangu anichagulie pazia, nimechoka kuamka na kuyaona.

Umepatia, Mama. Mwalimu hana la kukupinga. Kwenye tangi tunaweka amonia, gesi inayotumika kutengeneza mbolea. Tumeipoza mpaka imekuwa maji, baridi kuliko barafu yako kwa mbali. Lakini joto halikubali kukaa nje. Linapenya kwenye kuta za tangi, linaingia na pampu, na meli ikija kushusha mzigo linaingia kwa wingi zaidi. Kila joto likiingia, amonia kidogo inachemka na kuwa gesi tena. Gesi hiyo inavutwa na kompresa, inakamuliwa mpaka inakuwa moto, halafu inapelekwa kwenye kondensa, ndio huo wavu wako mweusi, ila kila mmoja ni mrefu kama basi na una mafeni juu yake. Pale inapoa, inakuwa maji, inarudi tangini. Kazi yangu ilikuwa kujumlisha joto lote hilo, na joto la kompresa yenyewe, nikasema zinahitajika kondensa ngapi. Nilisema sita. Zimefungwa sita, na jina langu liko kwenye mchoro.

Nina rafiki hapa, mwendesha mitambo wa siku nyingi, tunamwita Mzee Geji kwa sababu hata akisalimiana nawe macho yake yako kwenye geji, vile vipimo vya presha. Kila adhuhuri ananipigia kwa simu ya waya iliyoko juu, kwenye jukwaa la kondensa. Jana ilikuwa hivi:

"Injinia, presha imepanda tena."

"Imepanda kiasi gani, Mzee?"

"Kiasi cha kunitoa jasho."

"Hesabu zinasema kondensa zinatosha."

"Basi panda uzisomee hizo hesabu zako, labda zitasikia."

Nimemsimulia kuhusu kitambaa chako. Alicheka mpaka akakohoa. Anakusalimu, anakuita Bibi Kitambaa.

Binti yako.


20 Oktoba

Injinia wangu,

Barua imesomwa na watu tisa. Wa tisa ni mwalimu, na aliposoma pale uliposema hana la kunipinga alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Nilimwongezea barafu moja ya bure ili aondoke salama.

Shangazi yako anasema hiyo picha uliyotuma umekonda. Mimi nasema ni kofia ngumu inayokufanya uso uwe mdogo. Kula. Mdogo wako ameposwa, lakini hilo nitakuandikia likishakuwa la kuandikwa, kwa sasa ni maneno ya watu wawili na soda moja.

Msalimie sana Mzee Geji. Mwambie Bibi Kitambaa kasema kitambaa kisidondoshe, kiwe kibichi tu, na kipelekwe jua likiwa kichwani, si kabla. Huo ndio ufundi wenyewe. Yeye ana wavu mrefu kama basi, kitambaa hakitamfaa, atafute mpira wa maji. Mwambie nimemruhusu atumie, asisahau kusema kwa wenzake ujanja kautoa kwa nani.

Nimefurahi una mtu mzima karibu nawe huko. Mtu akikwambia presha imepanda, msikilize lakini, hata kama hesabu ni zako.

Mama.


2 Desemba

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Mimi mzima. Nimefurahi kusikia kuhusu mdogo wangu, mpe pongezi zangu.

Mzee Geji hayupo kazini siku hizi. Salamu zako zilimfikia.

Hapa joto ni kali. Dirisha nimelibandika magazeti mpaka pazia lipatikane.

Naomba kukuuliza kitu kidogo. Simu ya waya ikikatwa, yaani waya wenyewe ukaondolewa ukutani, inaweza kulia? Fundi wa simu anasema haiwezi. Nimeuliza tu.

Binti yako.


14 Desemba

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimeihesabu mistari. Hata uliponiandikia ukiwa shule, na malaria yako, uliandika zaidi ya hapo. Kwa mwalimu nimesema barua haijaja. Unaona ulivyonifanya niseme uongo mbele ya wateja.

Huku wazima. Posa ya mdogo wako imekuwa ya kweli, wameleta watu, nimekaa nimenyoosha mgongo kama spika wa bunge. Nilipoulizwa watoto wangu wengine, nilikutaja wewe kwanza, halafu nikasimama kidogo ili waulize. Wakauliza.

Sasa wewe. "Hayupo kazini siku hizi" ni maneno gani? Mtu amestaafu, wanasema amestaafu. Amehama, wanasema amehama. Mgonjwa? Na dirisha linabandikwa magazeti kwa nini, wakati mtu anaweza kulala akitazama ukuta mwingine?

Simu isiyo na waya hailii. Anayelia ni mtu. Nani analia, mwanangu?

Nasubiri.

Mama yako.


5 Januari

Mama,

Barua hii usiiweke kwenye droo ya chenji. Usimwonyeshe mtu, hata shangazi. Ukishaisoma ikae na wewe.

Mzee Geji amefariki. Ni tarehe tisa Novemba, adhuhuri.

Meli ilikuwa inashusha mzigo. Alinipigia kama kawaida, akasema presha imepanda kuliko siku zote. Mimi nilikuwa na wageni ofisini, nilitaka kumaliza naye haraka. Nikamwambia kwa kucheka, "Mzee, zipelekee mpira wa maji, Bibi Kitambaa kakuruhusu." Akacheka. Akasema, "Haya, ngoja nikaziogeshe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Alishuka kuchukua mpira, akapanda nao tena. Maji yakasaidia kwenye kondensa mbili, nimeona kwenye karatasi za vipimo, presha ilishuka kidogo kama dakika nne. Halafu ikapanda tena, na valvu ya usalama ikafunguka, kama ilivyotengenezwa ifanye. Bomba lake la kutolea gesi liko karibu na jukwaa. Hakuwa na kinyago cha kuzuia gesi, maana hakuna anayevaa kinyago akienda kumwagilia maji. Walimkuta amekaa, mpira bado uko mkononi, maji yanatoka.

Baadaye nilipanda mwenyewe na kipimajoto, nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Kwenye hesabu nilitumia hewa ya nyuzi thelathini na nne. Nilizitoa kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa, na kituo kiko kwenye uwanja wa nyasi, upepo unapita. Kondensa zangu zimesimama juu ya zege, katikati ya matangi mawili, zimebanana. Ya kwanza inatoa hewa ya moto, ya pili inaivuta, ya tatu inavuta ya pili. Adhuhuri, kwenye ya sita, hewa inayoingia ni nyuzi arobaini na moja. Sita hazitoshi. Zilitakiwa nane, na zipewe nafasi. Mama, nilizibana ukutani. Mimi, mtoto wako.

Sasa uchunguzi umekamilika na ripoti imeandikwa. Inasema kondensa ziko sawa. Kuhusu Mzee inasema hivi: "Alipanda bila kutumwa." Nimepewa niweke sahihi kwa sababu mchoro ni wangu, kabla ya mwisho wa Februari. Meneja anasema ni kwa ajili yangu, kwamba nina miaka mingi mbele yangu na marehemu hana. Meli nyingine inakuja Machi, na joto bado litakuwepo, na vijana wa zamu wameshajua kwamba maji yanashusha presha.

Simu ya jukwaani waliing'oa pamoja na waya. Kila adhuhuri simu ya mezani kwangu inalia. Wenzangu hawageuki. Mara moja tu niliipokea. Niliyasikia mafeni.

Binti yako.


9 Januari

Mwanangu,

Nimeisoma. Weka sahihi.

Mtu akishakufa hasikii kilichoandikwa. Wewe uko hai. Nimekusomesha kwa barafu, moja moja, mikono yangu unaijua. Watu wote huku wanajua mwanangu ni nani. Sahihi ni mstari mmoja, uchore urudi kazini.

Na simu usiipokee.

Habari hizi usiniandikie tena. Tuandikiane ya harusi ya mdogo wako.

Mama.


30 Januari

Mama, shikamoo.

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki mbili. Imefika haraka kuliko barua yoyote uliyowahi kuniandikia, na haina utani hata mmoja. Humjui Mzee, hukuniuliza ana watoto wangapi. Wewe ambaye hununui nyanya bila kuuliza habari za muuzaji.

Sijaweka sahihi. Sijakataa pia. Kila siku meneja ananiuliza kwa upole.

Wiki iliyopita mkewe alikuja getini kuchukua viatu vya kazini. Nilimwona kutoka dirishani, nimetoboa gazeti. Mlinzi alimpa mfuko. Akavitoa viatu, akavitazama soli, akavirudisha. Halafu akamuuliza mlinzi kitu, mlinzi akatikisa kichwa. Baadaye nilimuuliza mlinzi yule mama alitaka nini. Akasema, "Alitaka kujua nani alimtuma. Nikamwambia hakutumwa na mtu, ndivyo tulivyoambiwa tuseme."

Nilirudi mezani nikataka kukuandikia kwamba nitafanya ulivyosema. Kalamu ikaandika kitu kingine, nacho ni hiki. Mama, ule ujanja wa kitambaa uliupata wapi? Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, ukasema uliuota. Shuleni nilijifunza kwamba viwanda vikubwa hufanya hivyo hivyo, humwagia kondensa maji joto likizidi. Wewe hujawahi kuingia kiwandani.

Na Baba alifanya kazi ya barafu. Umeniambia alikufa kwa homa.

Binti yako.


19 Februari

Mwanangu,

Leo nimefunga biashara. Nimeandika kwenye kipande cha boksi "mwenyewe kasafiri" na niko hapa hapa chumbani nimekaa na friji. Mwalimu amebisha mara mbili, nimenyamaza.

Baba yako hakufa kwa homa.

Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha barafu, hilo unalijua. Kiwanda kilikuwa na vyumba viwili vya baridi, mwenye kiwanda akaongeza vingine viwili bila kuongeza wavu nyuma. Baba yako alikuwa akirudi nyumbani ananihadithia, anacheka, unajua wewe kicheko hicho, unacho. Alisema, "Mke wangu, leo tena tumeyaogesha mabomba." Akaniambia joto likizidi msimamizi humtuma apande na mpira amwagie. Akachukua kitambaa chako cha nepi, akakilowesha, akakiweka nyuma ya kifriji chetu kidogo, akaniambia shika hapa. Nikashika. Pakapoa. Hapo ndipo nilipoupata. Haukuwa wangu hata siku moja.

Ilikuwa adhuhuri, wewe una miaka minne, mdogo wako yuko tumboni. Bomba lilipasuka. Waliniletea nguo zake zimefungwa kwenye plastiki, na nilipofungua, macho yalichomwa mpaka nikadhani nimepofuka. Harufu ile ya amonia ndiyo hiyo hiyo uliyonayo huko. Nilipoisoma barua yako ya Januari, friji langu lilinuka. Nimelifungua, nimelisafisha kwa sabuni mara tatu. Linanuka.

Siku ya pili walikuja watu wawili na karatasi. Nilisoma mpaka darasa la nne, wao walidhani sijui kusoma. Nilisoma polepole, neno kwa neno. Iliandikwa: "Alipanda bila kutumwa." Na aliyemtuma alikuwa amesimama mlangoni kwangu, yule msimamizi, anatazama vidole vyake vya miguu. Nilijua baba yako ametumwa. Alikuwa akitumwa kila siku, nilikuwa nikihadithiwa juu ya chakula. Wakanipa kalamu. Nikaweka sahihi, mwanangu, na nikajitahidi iwe nzuri, nikaona fahari kwamba wameona najua kuandika.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema, mume wa fulani alikuwa na kiherehere, kafa kwa kiherehere. Tukahama. Huku nikasema homa. Homa haina kiherehere. Na kitambaa nikakifanya changu, nikajisifu nacho miaka ishirini na sita, kwa sababu kama ningesema ni cha nani, mtu angeuliza alikufaje.

Ningekwambia, ungejua kwamba ujanja ule una mtu ndani yake. Usingemhadithia Mzee wa watu kama kichekesho. Na mimi ndiye niliyeandika atafute mpira wa maji. Barua ninayo kichwani, ni maneno yangu, nimempa na ruhusa.

Unataka kujua kwa nini nilikujibu haraka. Niliogopa. Unanijua kwa maneno mengi, lakini kuna jambo hulijui. Kitambaa naweka hata msimu wa baridi, friji halikihitaji. Kila adhuhuri nasikia maji yanadondoka nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta hakuna bomba, ni ghala la magunia. Nikiweka kitambaa, angalau najua yanadondoka kutoka wapi. Nilidhani ukiweka sahihi utapata amani. Mimi niliweka. Unaona amani niliyonayo.

Kwa hiyo lile neno nililokuandikia, lifute. Usiweke. Sikuamrishi ufanye nini badala yake, wewe ndiye injinia. Nakwambia tu hilo la sahihi ninalijua lilivyo ndani.

Na simu ipokee. Mtu akipiga kila siku ana la kusema, au anataka kusikia.

Mama yako, ambaye hakuota kitu.


8 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Nimeikunja, iko mfukoni kwenye koti la kazi, upande ambao naweza kuigusa nikiwa nazungumza na watu.

Adhuhuri ya kesho yake simu ililia, nikaipokea. Mafeni yale yale. Nikasema, "Mzee, presha ilikuwa imepanda. Ulisema kweli, hesabu zilikosea." Nikataja zote, nyuzi arobaini na moja, kondensa nane badala ya sita, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Mwenzangu wa meza ya pili alisimama akatoka. Nilikaa na chombo sikioni mpaka mkono ukafa ganzi, halafu nikakirudisha. Tangu siku hiyo siwezi kukwambia imenyamaza. Siku nyingine inalia, siku nyingine hailii, na siku isipolia ndiyo naitazama zaidi.

Ripoti sikuisaini. Niliandika ukurasa wangu mwenyewe nikauambatanisha. Nimeandika kwamba kondensa ni ndogo kwa joto la pale zilipo, kosa ni langu, na kwamba mwendesha mitambo alipanda na mpira kwa sababu mimi nilimwambia apande, kwa simu. Nimeandika na saa.

Meneja alisoma, akafunga mlango.

"Umeandika hapa ulimtuma."

"Nilimtuma."

"Ulikuwa unatania. Umesema mwenyewe ulikuwa unacheka."

"Yeye hakupanda kwa utani."

Akasema nimejichimbia kaburi. Pengine ni kweli. Nimeondolewa kwenye michoro, niko chumba cha makabrasha, napanga karatasi za miaka ambayo sikuwa nimezaliwa. Kutakuwa na kikao, sijui kitaamua nini juu yangu, na safari hii sitakuficha. Lakini meli imeambiwa ingoje nje. Haitashusha mpaka ziongezwe kondensa mbili, na zile sita zitenganishwe zivute hewa safi. Jukwaani wamefunga mnyororo, hakuna anayepanda na mpira. Hayo yameshafanyika, nimeyaona kwa macho.

Halafu nilikwenda kwa mkewe. Nilidhani nitasema mengi. Alifungua mlango nusu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtuma mume wako, na nikamwambia kwa nini maji hayakutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Alikujibuje?"

"Alicheka, mama. Akasema anakwenda kuziogesha."

Kisha akasema, "Basi alikuwa hana wasiwasi na wewe," na akafunga mlango, taratibu, si kwa hasira. Ningependa iwe kwa hasira.

Mama, sijui cha kumfanyia. Sina chochote cha kumpa.

Binti yako.


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wazima sote, harusi ya mdogo wako imesogezwa mbele mwezi mmoja, nimeisogeza mimi, nitakwambia kwa nini.

Droo ya chenji nimeimwaga. Barua zako zote za kujisifia nimezifunga kwa uzi. Halafu nilikaa barazani wateja wamejaa, mwalimu yupo, nikawaambia ujanja wa kitambaa ni wa mume wangu, aliyekuwa fundi, aliyetumwa juu na msimamizi wake akafa, na mimi nikatia sahihi kwamba hakutumwa. Nilidhani watanicheka. Hakuna aliyecheka. Shangazi yako, ambaye huyo fundi ni kaka yake wa damu, na ambaye miaka yote hii nilimfungia mdomo kwa kiapo, alisimama akaingia ndani, nikamsikia analia kwa sauti kama msiba wa jana. Mwalimu akauliza, "Na binti yako?" Nikamwambia binti yangu ameandika kwamba alituma. Hapo, nisamehe, nilijisifu tena kidogo. Sikuweza kujizuia. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kusema juu yako ambayo sikuiongezea chumvi.

Maji nyuma ya ukuta bado yanadondoka. Leo sikuweka kitambaa. Nimekaa nikayasikiliza.

Sasa fanya hivi. Umesema huna cha kumpa yule mama, na ni kweli, wewe huna. Mimi ninacho. Yeye amebaki na mume aliyetumwa, na kwa muda aliambiwa hakutumwa. Hakuna mtu hapo mjini kwenu anayejua hilo ni jambo la namna gani, jinsi unavyoanza hata kumkasirikia marehemu ukiwa unaosha vyombo. Mimi nimemkasirikia wangu miaka ishirini na sita, na nilijua ukweli.

Nimekata tiketi ya basi la Jumatatu ya kwanza ya Aprili, ndiyo sababu harusi nimeisogeza. Usije kunipokea stendi, na usinitayarishie kitanda, kwako nitafika baadaye. Niandikie kwenye karatasi ndogo, kwa herufi kubwa ninazoweza kusoma nikiwa nimesimama barabarani, njia ya kwenda nyumbani kwake, kuanzia pale basi linaposhushia abiria, na mlango wake una rangi gani.

Mama yako.